Kuuona ukirali wa fuwele kwenye mitetemo yake: namna ya kukokotoa na kupima

Kokotoa masafa ya mitetemo ya fuwele ya kwatzi ya mkono wa kulia, kisha ya mkono wa kushoto, nawe utapata orodha mbili zinazofanana hadi tarakimu ya mwisho. Wengi huishia hapo na kuamua kwamba ukirali, yaani tofauti hiyo ya mkono wa kulia na wa kushoto, hauigusi mitetemo. Unaigusa, ila haumo kwenye masafa yakitazamwa peke yake. Umo kwenye uhusiano wa mambo mawili: wimbi linaelekea upande gani, na atomi zinazunguka upande gani wakati wimbi linapita. Hesabu au kipimo kisichoshika yote mawili kwa pamoja hakiwezi kuutambua mkono wa fuwele, hata kiwe makini namna gani.

Ulinganifu unaruhusu nini

Fuwele ni kirali iwapo haina kitovu cha ugeuzo, haina bapa la kioo, wala mhimili wowote unaounganisha mzunguko na ugeuzo. Taswira yake ya kioo haiwezi kulazwa juu yake hata uizungushe vipi. Mifano mitatu inayofaa kuanzia ni teluri, kwatzi alfa, na salfaidi ya zebaki nyekundu (HgS alfa). Zote tatu huwa na kundi nafasi (orodha ya ulinganifu wote wa fuwele) P3₁21, yaani namba 152, au mwenzake wa kioo P3₂21, namba 154. Atomi zao zimejipanga kwenye hesi zinazozunguka mhimili c: kila theluthi ya mzunguko, hesi hupanda theluthi ya urefu wa c.

Tuite vekta ya wimbi q, na momenta mzunguko ya fononi (mtetemo wa fuwele ukihesabiwa kama chembe) kuzunguka mhimili c tuiite L. Ukiurudisha wakati nyuma, q hugeuka na L hugeuka, kwa hiyo L ya tawi (mstari wa masafa ya aina moja ya mtetemo kadiri q inavyobadilika) kwenye −q ni kinyume cha L yake kwenye q. Fuwele ikiwa na kitovu cha ugeuzo, basi L kwenye −q inapaswa pia kuwa sawa na L kwenye q. Masharti hayo mawili yakikutana, L haina budi kuwa sifuri kila mahali. Fuwele kirali imeepuka sharti la pili, na hivyo atomi zake zina ruhusa ya kuzunguka kweli huku wimbi likisonga.

Athari iliyo wazi zaidi iko kwenye mitetemo ya aina ya E, ambayo huja kwa jozi. Kwenye kitovu cha ukanda wa Brillouin (eneo la q zote zinazotofautiana), yaani Γ, pale q ni sifuri, wenza wawili wana masafa sawa. Ukisogea kutoka Γ kuelekea pointi A kwenye ukingo wa ukanda, yaani q sambamba na c, mmoja hupanda na mwingine hushuka kwa mstari ulionyooka: ω₀ + vq na ω₀ − vq. Mwinuko v ndio unaobeba ukirali. Kwenye fuwele ya kioo v hugeuza alama na kubaki na ukubwa ule ule, na ndiyo maana orodha zile mbili za masafa zinafanana: mistari miwili ipo palepale, ila aliye juu sasa anazunguka upande mwingine. Matawi mawili ya sauti ya mkingamo nayo hutengana, lakini polepole zaidi, kwa kipeo cha pili cha q. Kutengana huko hugeuza taratibu uelekeo wa mtetemo wa sauti ndani ya kwatzi, jambo lililotabiriwa na kupimwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: kuzunguka peke yake si ukirali. Tabaka moja la WSe₂ (kampaundi ya tungsteni na seleni) lina fononi ambazo atomi zake huzunguka, na zilionekana kwenye majaribio mwaka 2018 zikiitwa fononi kirali. Lakini tabaka hilo lina bapa la kioo, na mzunguko wake umesimama pembe mraba na q. Ukirali wa kweli unadai L iwe na sehemu inayolala sambamba na q.

Kuchagua fuwele

Kwa kujifunza kukokotoa, anza na teluri. Ina atomi 3 tu kwenye seli ya msingi, hivyo matawi ni 9. Vipimo vyake ni a = 0.4456 nm na c = 0.592 nm, na kwenye P3₁21 atomi zinakaa kwenye (u, 0, 1/3), (0, u, 2/3) na (−u, −u, 0), u ikiwa karibu 0.263. Mitetemo yake ya mwanga (yaani isiyo ya sauti) kwenye Γ ni A₁ + A₂ + 2E; A₁ na A₂ ni aina za mitetemo pweke, si pointi A. HgS ina atomi 6 na mitetemo 2A₁ + 3A₂ + 5E. Kwatzi ina atomi 9 na mitetemo 4A₁ + 4A₂ + 8E.

Kwa kupima kwa leza, mambo yanageuka. Teluri hufyonza mwanga unaoonekana, mwanga hauingii kina cha kutosha, na kwa hiyo q inakuwa tandavu badala ya kuwa namba moja. HgS ikipigwa leza ya 785 nm hupitisha mwanga, na kipeo chake cha kupinda mwanga ni kikubwa, karibu 2.8, jambo linaloongeza q. Kwatzi hupitisha leza karibu yoyote, ila q yake ni ndogo zaidi. Tungependekeza HgS kwa kipimo cha kwanza, mradi mtu asiisage wala kuipasha moto: ina zebaki, na ikikaribia nyuzi 344 za Selsiasi hugeuka kuwa umbo jeusi la kiubiki lisilo na ukirali.

Kukokotoa

1. *Andika nafasi za atomi kwa tarakimu zisizopungua 8.* Ukiandika 0.333 mahali pa 1/3, programu itaona ulinganifu wa chini, na jozi za E zitatengana kwenye Γ kabla hata hujasogea. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na linafanana sana na matokeo unayoyatafuta. Kagua kwa spglib, programu ya kutambua ulinganifu, kwamba kundi nafasi ni 152 au 154 kabla na baada ya kulegeza muundo, yaani kuacha atomi zisogee hadi zitulie.

2. *Legeza muundo hadi nguvu zilizobaki ziwe ndogo sana,* chini ya 0.001 eV kwa Å, na ikiwezekana punguza mara kumi zaidi. Kwenye teluri, hesi moja imeshikana na jirani yake kwa nguvu hafifu, hivyo chaguo la fankshoni ya msongamano (kanuni ya kukadiria nishati ya elektroni) hubadilisha a kuliko linavyobadilisha c. Linganisha a yako na kipimo cha maabara. Ikikosea kwa zaidi ya asilimia 2, mitetemo ya masafa ya chini itakosea nayo.

3. *Jenga seli kuu,* yaani seli ya msingi ikirudiwa mara kadhaa. Kwa teluri, 4 × 4 × 3 hutoa atomi 144 na seli yenye urefu wa takriban 1.78 nm kila upande. Usibane upande wa c: mwinuko v unatokana na nguvu zinazovuka kutoka zamu moja ya hesi hadi nyingine. Seli yenye zamu moja tu itakupa v isiyoaminika.

4. *Kokotoa visobadilika vya nguvu* (nguvu zinazotokea atomi moja ikisogezwa) kwa kusogeza atomi 0.01 Å, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha phonopy, programu ya mitetemo, ikitumiwa na VASP, programu ya nishati za elektroni. Nishati ya kielektroni iachwe ishuke hadi 10⁻⁸ eV. Sogezo likiwa dogo mno nguvu humezwa na kelele za hesabu. Likiwa kubwa mno nguvu zisizo za mstari huingia.

5. *Weka chaji za Born* (chaji ambayo kila atomi huonekana kuwa nayo ikisogea) *na kisobadilika cha umeme* kwa kila fuwele isiyopitisha umeme. Kwenye kwatzi na HgS ukiacha hatua hii, matawi yaliyo karibu na Γ yatapinda vibaya, na ni papo hapo karibu na Γ unapotafuta v.

6. *Omba aigenvekta,* yaani vekta inayoeleza kila atomi inavyosogea kwenye mtetemo mmoja, kwenye pointi chache za q = (0, 0, h), kwa mfano h = 0.005, 0.01 na 0.02, ukikumbuka kuwa A iko h = 0.5. Usikokotoe L kwenye Γ yenyewe. Pale wenza wa E wana masafa sawa, na programu inaweza kukuchanganyia kwa uwiano wowote inaoutaka. L itakayotoka haina maana.

Kwenye matokeo ya phonopy kila aigenvekta ni safu ya wima ya matriki, si ya mlalo. Ukichukua ya mlalo utapata namba zinazopendeza zisizo na ukweli wowote. Igawe safu hiyo kwa atomi, tatu tatu, kisha kwa kila tawi kokotoa:

L = 2 × jumla, kwa atomi zote, ya sehemu dhahania ya (eₓ* · e_y)

Hapa eₓ na e_y ni sehemu za aigenvekta za atomi moja, na * ni kugeuza alama ya sehemu dhahania. Jibu liko kati ya −1 na +1, kwa kizio cha ħ (kisobadilika cha Planck kikigawanywa kwa 2π). Chanya maana yake atomi zinazunguka kinyume na saa ukizitazama kutoka upande wa +c, iwapo mwendo umeandikwa kwa exp(iqr − iωt). Programu inayotumia +iωt itageuza alama zote, kwa hiyo andika kanuni uliyotumia kando ya kila grafu.

Mwinuko unapatikana kwa tofauti ya masafa ya wenza wawili: v = π·Δf / q. Ukiweka Δf kwa THz na q kwa nm⁻¹, v inatoka kwa km/s moja kwa moja. Pointi tatu za h zikitoa v tatu zinazotofautiana sana, ama seli kuu ni ndogo, ama tawi lingine linakatiza karibu.

Vipimo vinne vya kujihakiki

Tunasisitiza sehemu hii kwa sababu picha ya matawi yenye rangi nyekundu na bluu hupendeza hata ikiwa na kosa.

Kwanza, kwenye q yoyote, jumla ya L za matawi yote lazima iwe sifuri. Hii ni hisabati tupu. Isipotimia, umesoma aigenvekta vibaya.

Pili, kokotoa upya kwenye −q. Masafa yabaki, kila L igeuke.

Tatu, jenga fuwele ya kioo kwa kubadilisha kila z kuwa 1 − z, na upitishe hatua zote tangu mwanzo. Masafa yabaki, kila L igeuke kwenye q ile ile. Usitosheke na kugeuza alama kwenye faili la matokeo. Lengo ni kuona hesabu nzima ikijigeuza yenyewe.

Nne, na hiki ndicho kipimo kikali kuliko vyote, tazama pointi A. Operesheni ya parafujo (kuzungusha theluthi moja na kupandisha c/3) ikirudiwa mara tatu ni sawa na kusogea c moja, na kwenye A hilo huzidisha wimbi kwa −1. Kwa hiyo thamani zake ni mizizi mitatu ya kipeo cha tatu ya −1: mmoja ni halisi, na miwili ni jozi changamani ambayo lazima ibaki na masafa sawa. Kwa teluri, matawi 9 yanapaswa kufika A yakiwa jozi 3 na matawi pweke 3. Tawi la m = 0 (m ni namba ya awamu ya parafujo, inayoelezwa sehemu ifuatayo) linaungana na la m = −1 kwenye fuwele ya mkono mmoja, na la m = +1 kwenye mwenzake. Muungano huo hautegemei ukubwa wa nguvu yoyote. Ni mkono wa parafujo peke yake unaouamua.

Tofauti ya L na m

Namba m tuliyoitaja hivi punde ni 0, +1 au −1, na inaeleza awamu ambayo wimbi hupata likizungushwa theluthi moja na kupandishwa c/3. Ni namba kamili. L si namba kamili: tawi lenye m = +1 linaweza kuwa na L ya 0.9, au 0.05, au hata hasi, kwa sababu atomi tofauti ndani ya seli moja zinaweza kuzunguka pande tofauti na kufutana. Wanaochanganya viwili hivi hushangaa kuona tawi lenye L ndogo likitoa ishara kali kwenye Raman, yaani kipimo cha mwanga wa leza unaotawanywa na mitetemo na kubadilika masafa. Raman hutii m. Anayeuliza ni mtetemo upi utaonekana kwa mwanga upi, atumie m. Anayetaka kujua ni kiasi gani cha mzunguko halisi kinabebwa, kwa mfano fuwele ikipashwa joto upande mmoja ili fononi zinazoelekea upande wa baridi ziwe nyingi kuliko zinazorudi, atumie L.

Jambo la kiufundi linalofuatana na hili: L haibadiliki ukibadilisha kanuni ya awamu ya kila atomi, lakini m inabadilika. Kabla ya kukokotoa m, jua kama programu yako inahesabu awamu kwa nafasi ya atomi yenyewe au kwa nafasi ya seli.

Kupima kwa Raman ya mwanga wa mviringo

Kata na ung'arishe uso ulio pembe mraba na c. Leza iingie sambamba na c na mwanga uliotawanyika urudi njia ile ile. Hapo q = 4πn/λ, n ikiwa kipeo cha kupinda mwanga na λ urefu wa wimbi la leza. Kwa HgS na leza ya 785 nm, q ni takriban 0.045 nm⁻¹, asilimia 1.4 ya njia kutoka Γ hadi A. Kwa kwatzi na 532 nm, q ni 0.037 nm⁻¹, asilimia 0.6. Kadiria mapema utakachokiona: v ya 1 km/s kwenye HgS hutenganisha wenza wa E kwa karibu 0.48 cm⁻¹, na kwenye kwatzi 0.39 cm⁻¹. Hii mara nyingi ni ndogo kuliko upana wa kilele chenyewe, kwa hiyo usitarajie kuona vilele viwili kwa macho. Unapima vituo vya vilele viwili vilivyorekodiwa kwa njia mbili tofauti, kila kimoja kikilinganishwa na umbo la Lorentz, kisha unatoa tofauti.

Mpangilio rahisi na imara ni huu. Leza yenye polaraizi ya mstari inapita kwenye kioo-nusu, kisha kwenye bamba la robo wimbi lililowekwa nyuzi 45, ambalo huufanya mwanga wa mviringo, kisha kwenye lenzi hadi kwenye fuwele. Mwanga unaorudi unapita bamba lile lile na kuwa wa mstari tena. Ulio na mzunguko uleule ulioingia nao, tukihesabu mzunguko kwa mtazamaji aliyesimama mahali pamoja maabarani, hutoka ukiwa kingamo na leza; uliogeuza mzunguko hutoka ukiwa sambamba. Vilele vya A₁ viko kwenye njia ya kingamo. Vya E tunavyovitaka viko kwenye njia ya sambamba, kwa kuwa mwanga umebadilisha ±2, na parafujo ya mara tatu hukopesha 3, hivyo fononi inabaki na ∓1. Kubadili kutoka RL kwenda LR (R ni mwanga wa mviringo wa kulia na L wa kushoto, unaoingia kwanza kisha unaotoka; L hii si momenta), zungusha bamba nyuzi 90 tu. Kichujio mbele ya spektromita hakiguswi, na hilo ni muhimu sana, kwa sababu gretingi (bamba lenye mistari linalotenganisha rangi) hupokea polaraizi tofauti kwa nguvu tofauti.

Rekebisha bamba kwa kuweka kioo cha kawaida mahali pa fuwele: njia ya sambamba inapaswa kuwa giza, isizidi 1 kwa 100 ya kingamo. Kisha weka silikoni yenye uso (001). Kilele chake karibu na 520.5 cm⁻¹ huonekana kwenye njia ile ile ya sambamba, na silikoni haina ukirali, kwa hiyo tofauti yake ya RL na LR lazima iwe sifuri. Kiasi chochote utakachokipata hapo ndicho kosa la chombo chako, na usidai kutengana kulio kudogo kuliko hicho.

Rekodi kwa kupokezana, RL, LR, RL, LR, kwa nguvu ile ile ya leza, isizidi milliwati chache. Ukirekodi RL yote kwanza na LR yote baadaye, chumba kikipata joto kidogo vilele vitahama pamoja na gretingi, na utahesabu joto la chumba kuwa ukirali. Chukua pia upande wa anti-Stokes, yaani mwanga uliopata nishati kutoka kwenye fuwele. Kwenye njia ile ile ya RL, ukubwa wa mhamo ni sawa pande zote mbili za leza, kwa sababu kurudisha wakati kunaunganisha (m, q) na (−m, −q). Wastani wa pande mbili huondoa kosa la nafasi ya mstari wa leza.

Vitu vinavyojifanya ukirali

Fuwele ikiinama, q inatoka kwenye c, na mitetemo ya E yenye chaji hutengana kuwa sehemu ya mkingamo na ya mwendo wa wimbi. Dalili yake ni kwamba vilele vyote viwili hutokea kwenye RL na kwenye LR, badala ya kimoja kwa kila njia. Kuinama huko pia huleta upindaji maradufu wa mwanga, ambao kwenye HgS ni mkubwa, na mwanga wako wa mviringo huwa duaradufu kabla haujafika mbali. Kilele cha A₁ kikianza kuchungulia kwenye njia ya sambamba, rudi urekebishe fuwele. Lenzi yenye uwazi wa namba 0.3 au chini hupunguza tatizo.

Pacha za Brazil kwenye kwatzi ni hatari nyingine: kipande kimoja hubeba maeneo ya mkono wa kulia na wa kushoto. Leza ikigusa yote mawili, RL na LR zinapata mchanganyiko ule ule na tofauti inapotea, huku vilele vikinenepa. Zikague kwa vichujio viwili vya polaraizi vilivyokingamana. Kwatzi huzungusha mwanga wa 589 nm kwa karibu nyuzi 21.7 kwa kila milimita, na maeneo ya mikono miwili yatazungusha pande tofauti. Pacha za Dauphiné hazina shida hii, maana pande zake zote mbili ni za mkono mmoja.

Kugeuza fuwele chini juu si jaribio la kuthibitisha alama. Makundi haya mawili yana mhimili wa mara mbili ulio pembe mraba na c, hivyo fuwele iliyopinduliwa ni ile ile, na matokeo yanapaswa kubaki bila kubadilika. Alama inageuka tu ukiweka fuwele ya mkono mwingine. Na mkono wenyewe usiuchukue kwenye lebo ya muuzaji: majina ya kulia na kushoto kwa kwatzi yamechanganyikana kwa miongo mingi kwenye machapisho, baadhi yakifuata umbo la nje, mengine mzunguko wa mwanga, mengine parafujo ya atomi. Pima kwa mtawanyiko wa X wenye athari ya ufyonzaji, au angalau andika upande na kiasi ambacho kipande chako huzungusha mwanga, pamoja na jina la kundi nafasi, kanuni ya R na L, na alama ya exp(−iωt) uliyotumia kwenye hesabu.